Daftari la msiba, chama cha kuzikana au VICOBA: mtaa wenu ufuate njia ipi?

Kikao cha jambo hili mara nyingi huitishwa wiki moja baada ya msiba uliowaumbua watu. Marehemu amezikwa, turubai limerudishwa kwa mwenyewe, lakini dukani kuna deni la mchele na sukari. Nyumba nyingine zilitoa, nyingine zilikaa kimya, na mfiwa anaona haya kuuliza. Ndipo mtu anasimama na kusema: jamani, tuwe na utaratibu.

Taratibu zinazojulikana mitaani kwetu Dar es Salaam ni tatu, na ukienda mikoani utazikuta hizohizo kwa majina mengine. Nimeishi chini ya zote tatu huku Tabata. Nilianza nikiwa mpangaji wa chumba kimoja, nikaja kuwa mwanachama wa kawaida, na sasa ni mweka hazina wa kikundi cha mtaa. Ninayoyaandika hapa ni kwa ajili ya mtaa uliokwama katikati, ambako kila upande una watu wake na kikao kinaisha bila uamuzi.

Tuelewane majina kwanza

Daftari la msiba ni mchango wa papo kwa papo. Hakuna uanachama wala ada. Mtu akifariki, mjumbe au kijana aliyeteuliwa anashika daftari, anapita mlango kwa mlango au anakaa msibani, na kila mtu anatoa kiwango kilichokubaliwa au kile alichojaliwa. Huu ndio utaratibu wa zamani kuliko yote, na umekaa vizuri na mfumo wa wajumbe wa nyumba kumi tulioujua tangu enzi za TANU.

Chama cha kufa na kuzikana kina wanachama walioandikishwa, ada ya kila mwezi, katiba, na kiwango maalumu anacholipwa mfiwa. Nacho si kigeni mjini hapa. Tangu wakati wa ukoloni, watu waliotoka mikoani walikuwa na vyama vya watu wa kwao vya kusaidiana na kuzikana. Kilichobadilika ni kwamba siku hizi kinachowaunganisha watu ni mtaa, si kabila.

VICOBA ni kikundi cha kuweka na kukopa, chenye hisa, sanduku na mzunguko wa mwaka, ambacho pembeni kina mfuko wa jamii wa msiba na ugonjwa. Mfumo huu wa sanduku ulianzia Niger mwaka 1991 kwa akina mama waliosaidiwa na shirika la CARE, ukafika kwetu, na sasa karibu kila mtaa una kikundi kimoja au viwili.

Tunapima kwa vigezo gani

Maswali ni matano, na nashauri myaandike ubaoni kabla mtu yeyote hajataja njia anayoipenda. Fedha inamfikia mfiwa lini? Inamgharimu kiasi gani mtu wa kipato kidogo? Nani yumo na nani yuko nje? Hesabu inalindwaje? Na la tano, ambalo husahaulika: je, watu wenyewe wanakuja msibani, au inakuja fedha tu?

Fedha inafika lini

Hapa dini ya mfiwa ina uzito. Kwa Waislamu, mtu akifariki alfajiri mara nyingi anazikwa siku hiyohiyo. Sanda, mchimba kaburi na gari vinatakiwa kabla ya alasiri. Kwa Wakristo wengi wa mjini kuna siku mbili tatu za kusubiri ndugu, lakini gharama ni nyingine: jeneza, na pengine gari la kupeleka mwili Bukoba, safari ya zaidi ya kilomita 1,000.

Daftari ni la polepole. Msibani utaona meza ndogo chini ya mwembe, kaunta buku iliyopigwa mistari kwa rula, kalamu imefungwa uzi ili isipotee, na sahani ya bati imefunikwa kitambaa. Mtu anainama, anaweka chake chini ya kitambaa, mwandishi anauliza, "Niandike nani?" "Andika Mama Fulani, chumba cha uani." Ni jambo zuri kulitazama, lakini fedha ile inakamilika jioni, wakati kaburi limeshafukiwa. Kwa hiyo daftari linategemea awepo mtu mwenye uwezo wa kutanguliza, mara nyingi mwenye duka, kisha arudishiwe. Mtaa usio na mtu wa namna hiyo utapata shida asubuhi.

Chama kinaweza kumpa mfiwa fedha ndani ya saa moja, ikiwa fedha ipo mahali pa kuchukulika. Vyama vingi hujikwaa hapa. Wanafungua akaunti benki yenye watia saini watatu, jambo jema, kisha mtu anafariki Jumamosi usiku. Dawa yake ni kuacha kiasi cha msiba mmoja kwenye simu au mkononi mwa mweka hazina, na kingine chote kikae benki.

VICOBA viko katikati. Mfuko wa jamii hukaa kwenye mfuko wake ndani ya sanduku, tofauti na fedha za hisa, na hivyo haukopwi. Lakini sanduku lina makufuli matatu na funguo ziko kwa watu watatu, na desturi ni kulifungua kikaoni tu. Msiba ukitokea Jumatano, mmoja wa wenye funguo yuko Kariakoo kwenye biashara yake. Vikundi vilivyohamia kwenye akaunti za kikundi za simu, ambako viongozi kadhaa huidhinisha kwa namba zao za siri, wamepunguza tatizo hili sana.

Inamgharimu nani, kiasi gani

Daftari halina gharama mpaka siku ya msiba. Mtaa wa nyumba 60, kila nyumba 2,000, unapata 120,000. Ni fedha ya mchele, mkaa na sukari, si fedha ya jeneza. Ubaya wake ni kwamba misiba haiji kwa zamu. Mwezi mmoja inaweza kupiga mitatu, na mama anayeuza vitumbua anatoa 6,000 kwa mwezi ambao hakuwa nazo.

Kuhusu chama naomba mnivumilie niende polepole, kwa sababu hapa ndipo nilipoona vyama viwili vikifa.

Tuchukulie kaya 40, kila moja 5,000 kwa mwezi. Hiyo ni 200,000 kwa mwezi, 2,400,000 kwa mwaka. Katiba inasema mfiwa analipwa 600,000. Maana yake chama kinamudu misiba minne kwa mwaka, na wa tano unakuta sanduku tupu. Misiba minne kati ya kaya 40 inaonekana mingi, hivyo kikaoni kila mtu anatikisa kichwa kukubali.

Sasa soma kifungu cha wanufaika. Kimeandikwa "mwanachama, mwenza, watoto na wazazi". Mume ana wazazi wawili, mke ana wawili. Kaya moja ina wazazi wanne, kaya 40 zina hadi wazazi 160, na wengi wao ni wazee. Hesabu ya misiba minne imeshavunjika siku mlipoandika neno moja. Chama chetu cha kwanza kiliishia hapo: mama mkwe wa mwanachama alifariki kijijini, mwanachama akadai, kamati ikasema mkwe si mzazi, na ugomvi ule uligawanya mtaa kwa mwaka mzima. Kila upande ulikuwa na haki yake. Aliyekosea ni katiba.

Vyama vinavyodumu hutenga viwango: kiasi kikubwa kwa mwanachama na mwenza, kidogo kwa mtoto, kidogo zaidi kwa mzazi, na mkwe huandikwa waziwazi kuwa yumo au hayumo. Vilevile huweka muda wa kusubiri, miezi mitatu au zaidi, ili asijiunge mtu ambaye mgonjwa wake ameshalazwa. Linasikika kama jambo la kikatili, lakini bila hilo waliochanga miaka miwili wanamlipia aliyechanga wiki mbili.

VICOBA vinadai zaidi kila wiki, lakini sehemu kubwa ni akiba yako mwenyewe inayokurudia mwisho wa mzunguko pamoja na faida. Fedha ya mfuko wa jamii tu ndiyo imeenda. Kikundi cha watu 30, kila mmoja 1,000 kwa wiki, kinakusanya 30,000, kwa hiyo malipo ya msiba ni madogo, tuseme 150,000. Faida yake ni kwamba mfiwa anaweza kuongezewa mkopo wa dharura akaulipa taratibu. Kwa mwenye biashara ndogo hiyo ni nafuu kubwa. Kwa asiye na kipato cha kila wiki, hisa na faini za kuchelewa zinachosha haraka.

Nani yumo, nani yuko nje

Daftari linamchukua kila mtu. Mpangaji aliyehamia juzi akifiwa, mtaa unamsimamia. Hilo peke yake lina uzito mkubwa mjini, ambako nyumba moja ina vyumba sita na kila chumba kina familia. Lakini kubalianeni mapema kama mnahesabu nyumba au chumba. Mkihesabu nyumba, mwenye nyumba anatoa 2,000 na wapangaji wake watano wanajificha nyuma yake. Mkihesabu chumba, shusheni kiwango kiwe 500 au 1,000.

Chama kinamchukua aliyejiandikisha na asiye na deni, na uchungu unaanzia hapo. Mwanachama ameshindwa kulipa miezi minne kwa sababu amesimamishwa kazi, kisha anafiwa. Katiba inasema hana haki. Nimewahi kukaa kwenye kikao cha namna hiyo, mfiwa akiwa hatua 20 kutoka tulipo, tunasikia vilio, na sisi tunafungua daftari kuhesabu miezi yake. Sitaki kurudia tena. Baada ya siku ile tuliongeza kifungu kwamba mwenye deni analipwa nusu na deni lake linakatwa humo, na kwamba kamati inaenda msibani kwanza, hesabu baadaye.

VICOBA vinachagua watu wake. Hilo si kosa, maana mnakopeshana fedha na lazima muaminiane. Lakini maana yake ni kwamba si mfumo wa mtaa. Wazee, vijana wasio na kazi na wageni mara nyingi hawamo, na wanaume ni wachache katika vikundi vingi nilivyoviona.

Hesabu na uaminifu

Daftari lina ulinzi wa asili: linasomwa hadharani. Kabla ya kuanua tanga, mwandishi anasimama, anasoma jumla, anamkabidhi mfiwa mbele ya watu. Fedha haikai mkononi mwa mtu zaidi ya siku mbili, kwa hiyo kishawishi ni kidogo. Tatizo ni kwamba yanasomwa na majina pia, na aliyetoa 500 anatajwa hadharani kama aliyetoa 20,000. Someni jumla tu, majina yabaki kwenye karatasi.

Chama kinakaa na fedha ya watu miezi na miezi, na aliyekaa na fedha anajaribiwa. Nasema hivi nikiwa mweka hazina mwenyewe. Taarifa isomwe kila mwezi, salio la benki na la simu lioneshwe kikaoni, na mweka hazina asiwe ndugu wa mwenyekiti. Kikundi kisajiliwe kupitia afisa maendeleo ya jamii wa kata, kikiwa na katiba, muhtasari wa kikao, orodha ya wanachama na barua ya serikali ya mtaa, ili siku ya mgogoro pawepo mahali pa kwenda.

VICOBA kwa hesabu ndivyo vilivyokomaa kuliko vyote. Kila mtu ana kitabu chake na hisa zake zimegongwa muhuri, fedha inahesabiwa mbele ya wote, na salio linatamkwa kwa sauti ili hata asiyejua kusoma alikumbuke wiki ijayo. Kwa kuwa wanakopesha, wanaguswa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, inayovitaka vikundi vya namna hii visajiliwe. Msipuuze hilo.

Na msichanganye haya na upatu wa kupokezana, ambako kijumbe anakusanya na kila mmoja anapata kwa zamu. Upatu ni mzuri wa kununulia kitanda au kulipia kodi, lakini msiba haungoji zamu.

Watu wanakuja?

Mtaa wenye daftari hujaa watu msibani, kwa sababu mchango na miguu huja pamoja. Akina mama wanafika na sufuria zao, wanachambua mchele kwenye sinia, vijana wanachota maji na kufunga turubai. Asiyekuwa na fedha anapasua kuni, na hakuna anayemuuliza.

Chama kinaweza kuliua hili taratibu. Watu huanza kusema: mimi nimelipa ada yangu. Fedha imefika, mpishi wa kukodi amekuja, viti vimeletwa na gari, na mfiwa amekaa na ndugu zake peke yao usiku. Vyama vinavyojua hatari hii huandika kushiriki kuwa wajibu: zamu ya kulala msibani, zamu ya jikoni, na asiyefika bila udhuru anatozwa. Sipendi faini ya machozi, lakini zamu naipenda. Inampa mgeni wa mtaa sababu ya kuingia nyumba ambayo hajawahi kuingia.

VICOBA hushikamana sana ndani ya kikundi. Wote 30 watafika wakiwa wamevaa kanga za sare na kumzunguka mwenzao. Nyumba ya jirani asiye mwanachama haitaona sare hiyo.

Jumuiya ndogondogo za kanisani, msikiti, na vyama vya watu wa nyumbani vipo na vinasaidia mno, lakini vinafuata dini na asili, havifuati mtaa. Kadhalika bima ya mazishi ya benki: inamlipa mtu mmoja mmoja, inafaa kuwa nayo, na haiwezi kuja kulala mkekani na mfiwa.

Kwa hali yenu

Mtaa wa wapangaji wanaohamahama, vyumba vingi, vipato vya siku kwa siku: anzeni na daftari. Wekeni kiwango kidogo kwa chumba, mchague watu wawili wa kukusanya, mmoja mwanamke, na mkubaliane na mwenye duka kuhusu kutanguliza. Chama cha ada ya mwezi hapo kitakuwa na wanachama 15 baada ya nusu mwaka na wengine wote wakiwa wadaiwa.

Mtaa wa watu waliojenga, wanaofahamiana miaka, wenye mishahara au biashara imara: chama cha kuzikana kinafaa, hasa kama wengi husafirisha miili mikoani. Fanyeni hesabu ya wazazi kabla ya kuandika kiwango. Ikiwa misiba mitatu ya haraka itawamaliza, punguzeni malipo, msiongeze ada.

Kundi la watu 20 au 30 wanaoaminiana, wengi wana biashara ndogo, na tatizo lao ni mtaji kabla ya msiba: VICOBA. Ila wabaki kwenye daftari la mtaa kama kila mtu.

Mtaa wa mchanganyiko, ambao ndio mitaa mingi: njia mbili pamoja zinawezekana. Sisi sasa tuna chama cha hiari chenye kaya 34 na daftari la mtaa mzima la 1,000 kwa chumba. Asiye mwanachama akifiwa, chama kinatanguliza fedha ya sanda au jeneza, na daftari linarudisha. Imetuchukua miaka mitatu kufika hapo, na bado kuna miezi daftari halitoshi na tunabaki tunadai.

Mtaa uliowahi kuibiwa na viongozi wake: msianzishe mfuko wowote unaokaa na fedha kwa sasa. Nendeni na daftari mwaka mmoja, jumla isomwe hadharani kila msiba, mpaka watu waache kunong'ona.

Na kwa wote, kikao cha kwanza kiwe Jumapili jioni, wapangaji waalikwe kwa kugongewa mlango, tangazo la ukutani halitoshi. Ajenda iwe moja tu, hata mkichagua daftari: mfiwa kwetu ni nani, na mzazi wa mke yumo au hayumo.